Saikolojia: Moi kule Eldoret au USIU Nairobi? Mwana ana barua mbili mkononi

Mjomba_Majengo

Asalaam aleikum wenye mji. Mpwa wangu wa hapa Mombasa amepata B kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na anataka saikolojia, hataki kusikia kingine. Ana barua mbili. Moja ni ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo: Chuo Kikuu cha Moi, Shahada ya Sayansi katika Saikolojia ya Tiba, Eldoret. Ya pili aliomba mwenyewe: USIU-Africa, Nairobi, Shahada ya Sanaa katika Saikolojia. Nia yake ni kukaa na wagonjwa na kuwatibu, si kazi ya ofisi. Babake anauliza pesa, mamake anauliza umbali, na yeye mwenyewe anauliza ipi itamfikisha. Naomba wanaoyajua mambo haya watueleze kwa undani, maana siku za kujibu zimebaki chache.

Takwimu_Pwani

Waaleikum salaam mjomba. Kabla ya kubishana juu ya jina la chuo, kuna ukaguzi wa nusu saa, ufanyeni leo.

Fungueni tovuti ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, mshushe orodha ya programu zilizoidhinishwa. Tafuteni chuo, kisha jina la shahada, mlilinganishe neno kwa neno na lililo kwenye barua. Saikolojia, saikolojia ya ushauri na saikolojia ya tiba ni programu tatu tofauti, na kuidhinishwa kwa moja hakuiidhinishi nyingine hata zikiwa kwenye chuo kimoja. Mkiona majina hayafanani, msimpigie simu karani. Mwandikieni msajili wa chuo barua pepe ili jibu lije kwa maandishi. Upande wa KUCCPS kila programu ina msimbo wa tarakimu 7. Pigeni picha ukurasa huo na muuhifadhi, mtauhitaji ikiwa baadaye ataomba kuhama.

Sababu ya kuwa wakali hivi ni kwamba kazi anayoitaka ina sheria yake. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 ndiyo iliyounda Bodi inayosajili watu wa fani hii. Mtu huenda mbele ya Bodi na transkripti, yaani orodha ya yuniti alizosoma na alama zake, si na sifa za chuo. Programu isiyoidhinishwa huonekana haina neno miaka yote minne, hadi siku ya kuomba usajili.

Bi_Kaskazi

Naongezea hapo, na hili ndilo ningependa mzazi alisome mara mbili. Shahada ya kwanza ya saikolojia, iwe ya Moi au ya USIU, haimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia wa kliniki. Inamfanya aweze kuomba uzamili. Kazi anayoisema mpwa wako, ya kukaa na mgonjwa, kupima, kuweka mpango wa tiba na kuufuata, hufundishwa kwa kina kwenye uzamili chini ya msimamizi. Kwa hivyo msilinganishe miaka minne kwa minne. Linganisheni miaka sita, minne ya shahada na miwili ya uzamili, pesa na mahali.

Ukitazama miaka sita, picha inabadilika. Chuo Kikuu cha Nairobi kina uzamili wa saikolojia ya kliniki ndani ya idara ya magonjwa ya akili, kule kwenye udaktari. USIU wana uzamili wa saikolojia ya kliniki na wa ushauri, na wamefika hadi shahada ya udaktari wa saikolojia. Kumbe anayesoma Moi anaweza kumalizia Nairobi, na anayesoma USIU anaweza kubaki palepale au kuhama. Fungueni kurasa za masharti ya uzamili huo SASA, kabla hajaanza mwaka wa kwanza, mwone zinataka nini. Sharti la kawaida kwa vyuo vyetu ni daraja la pili la juu, yaani 60 kwenda juu, au daraja la pili la chini pamoja na uzoefu wa kazi, mara nyingi miaka 2. Alama za mwaka wa kwanza zinahesabiwa humo. Wengi huamka mwaka wa tatu wakiwa na wastani wa 56, na kuupandisha wakati huo ni kazi ngumu kwa sababu yuniti zilizobaki ni chache.

Jambo la pili, shangazi zake waelezwe mapema: hatakuwa daktari wa kuandika dawa. Huyo ni daktari wa magonjwa ya akili, aliyesoma udaktari wa kawaida kwanza kisha akabobea. Kama moyo wake uko kwenye dawa na ubongo, barua zote mbili si zake.

Dau_la_Mtwapa

Bi Kaskazi umesema kweli, ila mimi siafiki moja kwa moja hesabu ya miaka sita. Wengi wanaoanza saikolojia wakisema watatibu hubadilika njiani, wakaenda kwenye utafiti, mashirika au rasilimali watu. Shahada ya kwanza lazima iweze kusimama peke yake. Na tukisema hivyo tumwambie pia kwamba haimfikishi darasani: TSC, tume ya walimu, husajili walimu wenye mafunzo ya ualimu na masomo mawili ya kufundishia. Saikolojia tupu haihesabiki.

Bi_Kaskazi

Sawa kaka, nakubali lazima isimame peke yake. Lakini nia ya mwana imetajwa waziwazi, basi tumpimie kwa nia hiyo.

Takwimu_Pwani

Sasa yaliyomo. Ombeni kila chuo orodha kamili ya yuniti kwa miaka yote, si ule ukurasa wenye picha za wanafunzi wanaocheka. Mkishaipata, msianze na majina mazuri kama saikolojia ya uhalifu. Tafuteni haya.

Takwimu na mbinu za utafiti. Somo linaloangusha wengi kwenye saikolojia ni takwimu. Wanakuja wakidhani wameikimbia hesabu, wanaikuta imekaa mlangoni. Programu nzuri inayagawa: muhula mmoja wa takwimu za msingi (wastani, mkengeuko sanifu, usambazaji wa kawaida), muhula mwingine wa kupima dhana (jaribio la t, ANOVA, uhusiano wa vigezo, regresheni), kisha mbinu za utafiti peke yake, kisha upimaji wa kisaikolojia. Ukiona yote yamebanwa kwenye yuniti moja ya mwaka wa pili, ujue mradi wa mwisho utakuwa wa kunakili. Ulizeni pia wanatumia programu gani ya kompyuta kuchanganua data. SPSS ni ya kulipia, na mwanafunzi akitoka chuoni leseni inabaki huko. Jamovi na JASP ni za bure na zinafanya karibu kila kitu kinachohitajika kwenye shahada ya kwanza. Aziweke kwenye laptopu kabla ya kufungua chuo.

Saikolojia ya kibayolojia. Kwa anayetaka wagonjwa hii ni lazima: neva, vipitishi vya ujumbe kwenye ubongo, usingizi, athari za dawa za kulevya. Hapa ndipo programu iliyokaa ndani ya koleji ya afya, kama ya Moi, huwa na uzito zaidi, kwa sababu wenzake wa ukumbi mmoja ni wanafunzi wa udaktari na uuguzi, na hospitali iko karibu.

Saikolojia ya matatizo ya akili. Ulizeni wanafundisha kwa mwongozo upi wa kutambua magonjwa. Toleo la sasa la Wamarekani ni DSM-5-TR la 2022, na la Shirika la Afya Duniani ni ICD-11, lililoanza kutumika Januari 2022. Mhadhiri akiwa bado anafundisha DSM-IV, toleo la zamani, na mihimili yake mitano, mwanafunzi atakwenda mazoezini akiwa nyuma.

Maadili ya kazi. Iwe yuniti inayojitegemea, kabla ya mazoezi ya kazini. Ikija baada yake, imechelewa.

Ganjoni_01

Niulize, BSc (ya Sayansi) na BA (ya Sanaa) zina tofauti sokoni?

Takwimu_Pwani

Jina peke yake, kidogo sana. Transkripti, nyingi. BA yenye yuniti za takwimu, bayolojia na upimaji humshinda BSc isiyokuwa nazo. Msomaji wa maombi ya uzamili hutazama orodha ya yuniti na alama. Jambo moja la kuangalia: kozi nyingi za koleji za afya alama ya kufaulu ni 50, huku kozi nyingi za sanaa ikiwa 40. Aliyezoea kupita kwa 43 atajikuta na mitihani ya kurudia mingi.

Nahodha_Kibarani

Nije kwenye pesa, maana hapa ndipo familia huvunjika moyo.

Mwanafunzi aliyeitwa na KUCCPS kwenye chuo cha umma anaruhusiwa kuomba ufadhili wa serikali usiorudishwa pamoja na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Aliyeko chuo binafsi hapati ule ufadhili. Mlango wake ni mkopo tu. Mfumo wa sasa ulianza 2023, na huwapanga wanafunzi kwenye bendi 5 kwa hali ya nyumbani kwao. Bendi ya 1 hupata ufadhili 70%, mkopo 25%, familia 5%. Bendi ya 3 ni 50, 30 na 20. Bendi ya 5 ni 30, 30 na 40. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huu kuwa kinyume cha katiba, rufaa ikakatwa, kwa hivyo someni tangazo la mwaka wenu kabla ya kuweka tarakimu kwenye daftari.

Mfano tu wa hesabu, si karo ya chuo chochote: gharama ya programu ikiwa 200,000 kwa mwaka na mwana akawekwa bendi ya 3, ufadhili ni 100,000, mkopo 60,000, familia 40,000. Akiwekwa bendi ya 5, familia inatoa 80,000. Kiwango kinachobadilisha maisha ya nyumba ni bendi, si karo iliyoandikwa kwenye barua. Na bendi hutokana na majibu ya fomu. Watu hukosea hapa: mzazi anajaza "biashara" bila kueleza ni ya mahamri barazani au ya kontena bandarini, au anaacha kutaja watoto wengine walio shuleni. Fomu ijazwe mezani pamoja na vyeti vya wale watoto wengine, stakabadhi za karo zao, na cheti cha kifo ikiwa kuna mzazi aliyefariki. Bendi isipolingana na hali, kuna nafasi ya kukata rufaa. Ikatwe mapema, tena na vielelezo.

Mkopo ni deni jamani. HELB hutoza riba ya 4% kwa mwaka na kurejesha huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza. Ukizidisha 60,000 kwa miaka minne ni 240,000 kabla ya riba. Mwana aione hesabu hiyo mapema.

USIU hesabu yao ni nyingine. Hulipwa kwa yuniti, na mwaka una mihula mitatu. Chukueni bei ya yuniti moja, mzidishe kwa jumla ya yuniti zinazohitajika kuhitimu, muongeze ada za kila muhula (teknolojia, bima, chama cha wanafunzi na kadhalika). Hiyo ndiyo karo ya shahada nzima. Kisha muongeze yuniti 3 au 6 za akiba, yaani somo moja au mawili ya kurudia, kwa sababu somo likianguka hulipwa upya. Kusoma muhula wa tatu kila mwaka humaliza mapema na kuokoa kodi ya nyumba, ila pesa zinatakiwa kwa kasi zaidi. Familia yenye mapato ya msimu, kama watu wa hoteli za Nyali na Diani, huona muhula wa katikati ya mwaka ukiwaangukia wakati wageni ni wachache.

Juu ya vyote kuna basari za kaunti na za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge. Zipo, ombeni, lakini msizijengee mpango. Hutoka zikiwa zimechelewa na kiasi chake hubadilika.

Dau_la_Mtwapa

Nahodha umeeleza vizuri, sasa niruhusu niitetee USIU kidogo. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma wa 2025 ulidumu takriban wiki 7. Muhula ukisimama, kodi ya chumba haisimami. Chuo binafsi kalenda haitikisiki hivyo, na kwa anayepanga miaka sita hilo lina thamani ya pesa. Pili, USIU ina ithibati ya CUE na pia ya Marekani, ile tume ya WASC. Kwa anayewaza uzamili ng'ambo, transkripti yake inasomeka bila maelezo mengi. Tatu, walimu wa uzamili wa kliniki wako nyumba ile ile. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye bidii anaweza kuwafahamu, akasaidia kwenye utafiti, akapata barua ya mapendekezo yenye mambo ndani yake. Barua isemayo "alikuwa mwanafunzi mtiifu" haimfikishi mtu popote.

Bi_Kaskazi

Hayo yote ni kweli, Dau. Langu ni moja: yana maana kwa familia inayoweza kulipa hadi mwisho. Kinachoumiza zaidi katika jambo hili ni mwana kuondolewa chuo binafsi mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, akaanza upya kwingine, kwa sababu si yuniti zote zinazohamishika. Kama pesa ya miaka yote haionekani, angalau ya miwili mkononi na chanzo cha mingine kinachojulikana, achukue Moi bila kuangalia nyuma.

Mjomba_Majengo

Shukran nyingi. Mamake yuko hapa anauliza Eldoret ni mbali kiasi gani, na atalala wapi.

KisimaChaMwembeTayari

Mwambie mama hivi. Treni kutoka Miritini, stesheni ya Mombasa, hadi Syokimau, stesheni ya Nairobi, daraja la kawaida ni shilingi 1,500. Kutoka Nairobi hadi Eldoret ni kama kilomita 310 nyingine kwa barabara. Kwa siku moja inawezekana lakini haipendezi: treni ya asubuhi humfikisha Syokimau mchana, bado aingie mjini, apande gari, aingie Eldoret usiku na mizigo. Ya usiku hufika Syokimau kabla ya alfajiri, na hapo mwana asitoke stesheni peke yake. Akae ndani hadi kupambazuke. Bora ni kulala kwa jamaa Nairobi, au mabasi ya moja kwa moja yanayotokea Mombasa. Tiketi za treni za wiki ya kufungua vyuo hukatwa mapema sana, zikifunguliwa tu mtandaoni.

La nyumba ni muhimu zaidi. Kampasi kuu ya Moi iko Kesses, takriban kilomita 35 kutoka mjini Eldoret. Koleji ya Sayansi za Afya iko mjini, jirani na Hospitali ya Rufaa ya Moi. Msilipie chumba Kesses kwa kusikia tu "Moi", wala mjini kwa kusikia tu "afya". Someni barua ya mwito imetaja kampasi gani kwa mwaka wa kwanza, ikiwa haikutaja, ulizeni. Na Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtoto wa Majengo anunuliwe blanketi zito na sweta mbili kabla ya viatu vya mtindo.

USIU wako Kasarani, kando ya Barabara ya Thika. Kule vyumba ni vingi lakini bei hupanda kadiri unavyokaribia lango. Ulizeni kodi ikiwa pamoja na maji na taka, maana hivyo huongezwa pembeni.

Bi_Kaskazi

Turudi kwenye mazoezi ya kazini, kwa sababu hapo ndipo vyuo hutofautiana na hakuna anayeuliza. Mpigieni mkuu wa idara, si ofisi ya udahili, mumuulize maswali manne. Mazoezi ni ya saa ngapi kwa jumla? Katika hizo, saa ngapi ni za kuwa na mgonjwa, na ngapi ni za kukaa tu kituoni kupanga faili? Msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi? Nani anatia saini daftari la mazoezi, mwanasaikolojia au afisa yeyote aliyekuwepo? Idara inayojibu kwa tarakimu ni idara inayofanya. Inayojibu "wanafunzi wetu huenda kila mahali" imekujibu pia.

Habari njema ni kwamba wakati wa likizo anaweza kufanyia hapa nyumbani, mradi chuo kikubali kituo na msimamizi. Pwani ina kazi ya kujifunza ambayo bara hawana kwa wingi huu, hasa uraibu. Kuna kliniki za methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, Kisauni na Malindi. Kuna kitengo cha akili Port Reitz. Kuna Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani. Maombi yapelekwe miezi mitatu kabla, yakiwa na barua ya utambulisho ya chuo, bima ya mwanafunzi, nakala ya kitambulisho, na cheti cha mwenendo mwema cha polisi ikiwa kituo kinakitaka. Cheti hicho huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, kisha mtu anakwenda kupigwa alama za vidole. Kinachokwamisha wengi ni bima: chuo huwa nayo lakini hakuna aliyeomba nakala, na hospitali haikupokei bila karatasi.

Tena asikubali kuachiwa mgonjwa peke yake. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza huketi pamoja na msimamizi, huandika, huuliza baada ya mgonjwa kutoka. Na mji wetu ni mdogo: akimkuta jirani wa mtaani kwenye foleni ya methadoni, anamwambia msimamizi na anatoka chumbani. Hasemi nyumbani, hata kwa mamake.

Takwimu_Pwani

Hapo hapo, la mradi wa utafiti. Mwaka wa mwisho atatakiwa kukusanya data, na makosa ni yale yale kila mwaka.

Kwanza idadi ya watu. Akitaka kulinganisha makundi mawili na anatarajia tofauti ya kiasi cha kati (d ya 0.5), anahitaji watu 64 kila kundi ili awe na nafasi ya 80% ya kuiona kwa kiwango cha 0.05. Wengi huchukua 30 kwa 30, nafasi inashuka chini ya nusu, kisha huandika "hakuna tofauti". Tofauti huenda ipo, wao ndio hawakuwa na watu wa kutosha kuiona.

Pili, ruhusa. Mpangilio ni msimamizi akubali pendekezo, kamati ya maadili ipitishe, kisha kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, kisha ruhusa ya kituo chenyewe, iwe hospitali au shule. Kamati zina ratiba zao na hurudisha marekebisho. Anayeanza safari hii muhula ule ule wa kukusanya data atamaliza mwaka mmoja nyuma ya wenzake.

Tatu, usalama, na hili naliomba walichukue kwa uzito. PHQ-9, dodoso la dalili za sonona, ina maswali 9, kila moja hupewa 0 hadi 3, jumla 27, na 10 kwenda juu ndiyo alama inayotumiwa sana kuashiria mtu achunguzwe zaidi. Swali la 9 linauliza kuhusu fikra za kujidhuru au kutamani kufa. Wanafunzi huisambaza kwenye makundi ya WhatsApp bila majina. Mtu anajibu 3 kwenye swali la 9, na mwanafunzi hana jina, hana namba, hana la kufanya. Kabla ya fomu moja kutoka, lazima kuwe na mpango ulioandikwa: nani anasoma majibu siku hiyo hiyo, mtu anafikiwa vipi, na anapelekwa kliniki gani. Mpango ukikosekana, swali hilo lisiulizwe kwa njia hiyo.

Nne, lugha. Dodoso la Kiingereza Likoni au Kisauni litakupa majibu ya adabu, si ya kweli. Watafsiri wawili wafanye kila mmoja kivyake, matoleo yaunganishwe, mtu wa tatu ambaye hajaona asili ayarudishe kwa Kiingereza, tofauti zijadiliwe, kisha lijaribiwe kwa watu wachache wakieleza walivyoelewa kila swali. Kabla ya yote hayo atafute kama tafsiri iliyopimwa ipo tayari. Hapo Kilifi, kwenye kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome, vipimo vimetengenezwa na kuhakikiwa kwa watu wa pwani. Kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35 kimebeba jina la Kilifi lenyewe, na Profesa Amina Abubakar, mwanasaikolojia, ni miongoni mwa walioongoza kazi hiyo. Mwana wa Mombasa asome makala zake mapema, iwe yuko Eldoret au Kasarani. Vitabu vingi vya kozi vimejengwa juu ya utafiti wa wanafunzi wa Marekani na Ulaya. Atakayekaa na wagonjwa wa Kisauni anahitaji kujua kipi kimepimwa huku na kipi kimechukuliwa tu.

Ganjoni_01

Na akienda Moi halafu pasimkubali, anaweza kuhama?

Nahodha_Kibarani

Kuna uhamisho kati ya vyuo kupitia portali ya KUCCPS, lakini dirisha lake ni fupi na hufunguliwa baada ya majina kutoka, si wakati wowote. Lazima awe amefikia alama za klasta, yaani za kundi la masomo manne linalotakiwa pamoja na matokeo yote, za programu anayoitaka kwa mwaka huo huo, na chuo kinachopokea na kinachoachia vyote vikubali. Makadirio ya klasta mnaweza kuyafanya wenyewe. Chukueni jumla ya alama za masomo manne ya kundi, mgawanye kwa 48. Chukueni jumla ya masomo saba, mgawanye kwa 84. Zidisheni hayo mawili, mtoe kipeo cha pili, kisha mzidishe kwa 48. Mwenye 38 kwenye kundi na 60 kwa jumla anapata kama 36. Ni makadirio, alama rasmi ni ile ya portali.

Kuhama kutoka Moi kwenda USIU hakupitii huko. Hiyo ni kujiondoa na kuomba upya, na ufadhili wa serikali unaachwa nyuma.

Mjomba_Majengo

Tumekaa tukapiga hesabu usiku huu. Pesa ya USIU tunaiona ya mwaka mmoja na nusu tu. Naona tunaelekea Moi, mwana mwenyewe ameridhika aliposikia hospitali iko jirani. Tufanye nini kwanza kesho asubuhi?

Bi_Kaskazi

Kesho asubuhi: CUE kwanza, jina la programu. Halafu barua ya mwito, mtazame kampasi na tarehe ya kuripoti. Halafu mwandikieni mkuu wa idara yale maswali manne. USIU nao waandikieni kwa adabu kuuliza kama nafasi inaweza kuahirishwa, haigharimu kitu kuuliza.

Nahodha_Kibarani

Na fomu ya ufadhili isingoje. Nyaraka za kuweka kwenye bahasha moja: matokeo ya KCSE, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chake kama kimetoka, nakala za vitambulisho vya wazazi, picha za pasipoti, fomu ya daktari iliyokuja na barua, na usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali. Laini ya simu atakayoitumia HELB iwe imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe, si la babake. Kama bado, aende dukani kesho hiyo hiyo kabla ya kufungua akaunti ya kuomba.